Anadeka au Anaumwa? Kutatua Matatizo ya Maltese Nyumbani

Pamba alikuwa na miaka mitano alipoanza kukataa kubebwa. Ukimwinua ananguruma, ukimgusa shavu anageuza kichwa, na jioni moja akamng'ata mpwa wangu kidoleni. Nyumba nzima ikatoa hukumu: mbwa amedekezwa mno. Nami nikakubali, maana Maltese, aina hii ya mbwa wadogo weupe, kweli hudeka. Anajua kulia kwa madaha, anajua kususa chakula, anajua kukutazama mpaka umpakate. Wiki tatu baadaye daktari wa mifugo alimfunua mdomo akanionyesha jino la juu la nyuma lililooza hadi mzizini, usaha umejikusanya chini ya jicho. Jino liling'olewa. Siku ya nne Pamba alinifuata mwenyewe kwenye kochi akaomba kubebwa.

Tangu hapo nina kanuni moja kwa mbwa hawa: tabia ikibadilika, tafuta maumivu kwanza, madeko baadaye. Mbwa anayedeka amedeka tangu utotoni. Aliyeanza kudeka juzi, huyo mhesabu mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Haraka hii inatokana na umbo lake. Maltese mzima ana kilo 3 hadi 4. Damu yake yote inaenea kwenye glasi moja ya maji. Ugonjwa ambao mbwa wa kulinda geti angekaa nao siku tatu, huyu unamlaza kwa nusu siku. Akitunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 15, kwa hiyo si mbwa dhaifu. Ni mbwa asiyekupa muda wa kusitasita.

Tabia yake nayo ina historia ndefu. Aristotle alimtaja mbwa mdogo wa Melita, na hadi leo watu hubishana kama Melita ile ni Malta au kisiwa cha Mljet huko Kroatia. Vyovyote iwavyo, kwa zaidi ya miaka elfu mbili kazi yake imekuwa moja tu, kukaa na mtu. Hapa Dar es Salaam nimeona watu wakimfungia kwenye banda la uani usiku kucha ili alinde nyumba. Halindi. Analia, na kilio hicho si ukaidi.

Kabla ya kukisia, pima

Kuna vipimo vinne ambavyo mtu yeyote anaweza kuvifanya nyumbani. Vifanye mbwa akiwa mzima, uandike, ili siku akiugua uwe na cha kulinganisha.

Funua mdomo wa juu uone fizi. Zinapaswa kuwa za waridi na zenye unyevu. Bonyeza kwa kidole paweupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyeupe ni upungufu wa damu au mshtuko wa mwili, yaani damu haizunguki ya kutosha, za njano ni ini au damu inayovunjika, za bluu ni hewa haitoshi. Rangi zote tatu ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Hesabu pumzi akiwa usingizini, kifua kikipanda na kushuka ni moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mbwa mwenye moyo mzima na mapafu mazima hubaki chini ya 30 kwa dakika.

Joto hupimwa kwa kipimajoto cha kawaida kilichopakwa mafuta, kupitia njia ya haja kubwa. Nyuzi 38 hadi 39.2 ni kawaida kwa mbwa. Wengi humgusa masikio wakasema ana homa. Mkono wako hauwezi kujua.

Uzito mpime kila mwezi. Simama naye kwenye mizani, kisha simama peke yako, utoe. Akipungua gramu 300 utaona ni kidogo, lakini kwa mbwa wa kilo 3 hiyo ni sehemu ya kumi ya mwili mzima, sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 7.

Kitoto kimelegea ghafla

Asubuhi kilikuwa kinacheza. Saa sita kinayumba kama mlevi, macho yamezubaa, mwili wa baridi, pengine kinatetemeka au kimeanza degedege. Kwa Maltese wa wiki 8 hadi miezi minne, jambo la kwanza kuwaza ni sukari kushuka. Ini lake ni dogo na misuli ni haba, hana ghala la kuwekea akiba. Safari ya basi kutoka kwa mfugaji, mlo mmoja uliorukwa, kiyoyozi cha usiku au tumbo lililojaa minyoo, kimoja tu kati ya hivyo kinatosha.

Mpake asali kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie maji ya sukari mdomoni kama hamezi, yataingia mapafuni. Mfunike kwa kanga au taulo, mweke kifuani. Akizinduka ndani ya dakika chache mlishe kidogo, kisha mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Asipozinduka, ondoka sasa, ukiendelea kumpaka asali njiani. Ili isirudie, mlishe mara nne kwa siku, mlo wa mwisho uwe kabla tu ya kulala.

Ikirudia ingawa analishwa vizuri, na kitoto kimebaki kidogo kuliko ndugu zake, tazama anavyokuwa baada ya kula nyama. Akizubaa, akizunguka chumbani, akisukuma kichwa ukutani, huenda amezaliwa na mshipa unaopitisha damu kando ya ini badala ya ndani yake, hivyo sumu za chakula zinafika kwenye ubongo bila kusafishwa. Ni kasoro inayojulikana kwa Maltese. Mwombe daktari kipimo cha damu cha asidi za nyongo, kabla na baada ya kula. Wapo wanaofanyiwa upasuaji, na wapo wanaoishi kwa dawa na mpangilio wa chakula.

Kulegea pamoja na kutapika na kuhara damu yenye harufu kali ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, mpaka kipimo kikatae, na dawa yake ni dripu na uangalizi hospitalini. Wauzaji wengi husema “ameshachanjwa” wakimaanisha sindano moja. Chanjo ya pavo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe walau wiki 16. Kadi isiyo na tarehe na stika ya kichupa cha chanjo usiihesabu. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha irudiwe kama kadi inavyoelekeza.

Hataki kula

Hapa ndipo neno “anadeka” linapoua mbwa wengi. Ipo njia rahisi ya kutenganisha. Chemsha kipande cha kuku bila chumvi wala kitunguu, mpe.

Akimkimbilia kuku na kuacha bakuli lake, huyo anasusa. Amejifunza kwamba akikaza, mkono wako utatoka kwenye sahani na mshikaki. Weka chakula chake dakika 15, ondoa, usimpe kingine mpaka mlo unaofuata. Mbwa mzima mwenye afya hatadhurika. Kitoto usikifanyie hivyo, umeshaona kwa nini. Na kila anayekaa nyumbani awe na kauli moja, hasa bibi na dada wa kazi, maana mara nyingi ndio anaowaomba akafanikiwa. Maltese wa kilo 3 anahitaji takriban kalori 220 hadi 250 kwa siku. Chapati moja ya mafuta inaweza kumaliza kiasi hicho chote.

Akimfuata kuku, akamchukua, kisha akamwangusha au akatafuna upande mmoja, tatizo liko mdomoni. Mbwa mzima ana meno 42, awe mkubwa au mdogo. Fikiria meno yote hayo katika taya linaloenea kwenye kiganja cha mtoto. Hubanana, chakula hunasa, ugaga hujenga, fizi huvuja damu. Meno ya utoto nayo, hasa ya chonge, mara nyingi hayang'oki yenyewe. Ukiona chonge mbili zimesimama pamoja akiwa na miezi saba, lile la utoto ling'olewe. Mswaki kila siku ndio kinga, kwa dawa ya meno ya mbwa. Ya binadamu usitumie, nyingine zina zailitoli, sukari mbadala ambayo ni sumu kali kwa mbwa.

Akigeuza uso hata kwa kuku, pima joto na angalia fizi, kwa sababu mtuhumiwa wetu mkuu ukanda huu ni kupe. Usiseme unaishi ghorofa ya tatu. Kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia huzaliana ndani ya nyumba, kwenye nyufa za kuta na pindo za pazia, na ndiye anayeeneza homa za kupe. Mtafute katikati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkia. Homa, ulegevu, fizi zilizopauka na mkojo wa rangi ya kahawa huelekeza kwenye babesia, inayopasua chembe nyekundu za damu. Damu puani na madoa mekundu tumboni huelekeza kwenye erlikia, inayoshusha chembe za kugandisha damu. Mbwa mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili. Ndiyo maana nakusihi usinunue doksisaiklini, antibaiotiki, dukani kwa kukisia: inatibu erlikia, haitoshi kwa babesia, na siku unazopoteza ni za ile glasi moja ya damu.

Na kwa ajili ya kupe, tafadhali usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe. Nyingi zina amitrazi, kemikali ya kuua kupe, kwa kipimo cha mnyama wa kilo mia tatu. Mbwa mdogo akiogeshwa hivyo, au akilamba manyoya, husinzia, huyumba, mapigo ya moyo hushuka na mwili hupoa. Msuuze haraka kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji vuguvugu, umpeleke hospitali. Kuna dawa za matone ya shingoni na vidonge vinavyouzwa kwa uzito wa mbwa. Hakikisha pakiti inataja uzito wake, wala usigawanye ya mbwa mkubwa kwa macho.

Sababu nyingine ya kususa ni karamu ya jana. Mafuta ya nyama choma huweza kuwasha kongosho: anatapika, tumbo gumu, anainua makalio huku kifua kikigusa sakafu. Hapo usimpe dawa yoyote ya kwako ya maumivu. Ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli zinaweza kumuua.

Anaruka mguu mmoja kisha anatembea kama kawaida

Anakimbia, ghafla anainua mguu wa nyuma, anaruka hatua tatu nne kwa miguu mitatu, anaunyoosha nyuma, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Wengi hucheka. Ni pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, imechomoka kwenye mfereji wake na kurudi. Kamusi zina jina jingine la kifupa hicho, kilegesambwa, na kila nikimwona Maltese akiruka hivi naona neno limepata mwenyewe.

Madaktari huipanga kwa ngazi nne. Ya kwanza, pia husukumwa kwa kidole na kurudi yenyewe. Ya nne, imekaa nje daima na mguu umepinda. Ngazi za chini hudhibitiwa kwa kupunguza uzito, kuweka mkeka kwenye vigae vinavyoteleza, na kumwekea kidaraja cha kupandia kochi. Za juu zinahitaji upasuaji. Lakini akiinua mguu asiukanyage tena siku nzima, au akilia ukimgusa, hiyo si pia pekee. Kano ya goti inaweza kuwa imekatika. Angalia pia vidole. Mwiba, kucha iliyojikunja, au ukirudi naye kutoka kijijini, funza, humfanya achechemee vilevile.

Anakohoa, anakoroma, anavuta hewa vibaya

Sauti ndiyo itakayokuambia, kwa hiyo rekodi kwa simu.

Akisimama wima, shingo mbele, akavuta hewa kwa nguvu puani kama anayekoroma, kwa nusu dakika hivi, kisha akaendelea na mambo yake, hiyo ni chafya ya kinyume. Inatisha kuitazama kuliko ilivyo. Msugue koo taratibu. Ikianza kuja kila siku, au na damu puani, mpeleke.

Kikohozi kikavu cha mlio wa bata, hasa akifurahi, akivutwa kamba au joto likizidi, huashiria pete za gegedu za njia ya hewa shingoni zimelegea na bomba linajibana. Vua kola leo, tumia mkanda wa kifuani. Acha kufukiza udi na kuwasha dawa ya mbu ya moshi chumba anacholala. Mwembamba hupumua vizuri kuliko mnene, kwa hiyo mizani ni sehemu ya tiba.

Kikohozi cha usiku kwa mbwa aliyevuka miaka saba au nane ndicho ninachokiogopa zaidi. Vali ya upande wa kushoto wa moyo huzeeka, damu hurudi nyuma, na hatimaye maji hujaa mapafuni. Daktari husikia mvumo kwa kifaa chake miaka mingi kabla ya dalili. Ile hesabu ya usingizini ndiyo kengele yako: ikipita 30 mara kadhaa, usingoje asubuhi. Dawa za moyo zipo, na mbwa wengi huzitumia kwa muda mrefu wakiwa na furaha yao.

Michirizi ya kahawia chini ya macho

Wengi huanza na dawa ya kufuta madoa. Mimi naanza na swali: imekuwa hivi siku zote, au imeanza karibuni? Machozi yana rangi asilia yenye madini ya chuma, na yakilowesha manyoya meupe daima huacha kutu. Kwa mbwa aliyekuwa nayo tangu utotoni, chanzo huwa manyoya yanayochoma jicho au mfereji mwembamba wa machozi. Punguza manyoya ya hapo, futa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila asubuhi. Usimpe antibaiotiki za kula kwa sababu ya weupe wa uso.

Ikianza karibuni, hasa jicho moja, tafuta kope iliyoota vibaya, kidonda, au jino la juu upande huohuo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Pamba, na nilikuwa nikifuta michirizi kwa bidii kila siku bila kujiuliza. Jicho linalofumbwa nusu, linaloogopa mwanga au lenye ukungu ni la leo, si la kesho.

Manyoya nayasema kwa ufupi. Hayana sufi ya ndani, hukua kama nywele, na yasipochanwa kila siku husokotana. Chini ya msokoto ngozi hulowa na kuoza, hasa kwa unyevu wa pwani. Kama huna dakika kumi za kitana kila siku, mnyoe mafupi. Hakuna aibu hata kidogo. Ukimwogesha mkaushe mpaka kwenye ngozi, na masikio yakitoa harufu ya chachu usiyachokonoe kwa kijiti.

Anatetemeka

Baada ya kuoga, wakati wa radi, akiona mlango wa daktari: hayo ni baridi na woga. Mtetemo wa mwili mzima unaoendelea kwa saa nyingi kwa mbwa kijana wa mwaka mmoja au miwili, ukizidi akichangamka na kupungua akilala, ni ugonjwa unaowapata zaidi mbwa wadogo weupe, na kwa kawaida hutulia kwa steroidi chini ya daktari. Lakini kwanza ondoa sumu: chokoleti, zabibu, peremende zisizo na sukari, sumu ya panya au ya konokono. Mtetemo na mate mengi, usisubiri.

Analia ukitoka, anakojoa ndani

Aliyekuwa anajua pa kujisaidia akaacha, peleka mkojo wake ukapimwe kwanza. Kama anakunywa maji mengi, waza figo au kisukari; kama anachuruzika kidogo kidogo, waza maambukizi au mawe ya kibofu. Kitoto hakijui tu: kinaweza kujizuia kwa saa sawa na idadi ya miezi yake ukiongeza moja, usikizidishie hapo, na umpeleke mahali palepale kila akiamka na kila akila.

Vipimo vikiwa safi, na uharibifu wote hutokea ndani ya nusu saa ya kwanza ya wewe kutoka, basi ni upweke, na upweke kwa Maltese ni mateso halisi. Shika funguo, kaa chini. Toka, rudi kabla hajalia. Dakika moja, tatu, kumi, kwa wiki kadhaa. Kumchapa au kumfungia chooni huongeza hofu, nami siwezi kulitetea hata mara moja.

Kubweka nako ni suala la majirani. Wengi wetu tunaishi karibu na watu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na mtu akiguswa na unyevu huo humlazimu kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani akipita na kanzu yake kwenda msikitini, mbebe mbwa wako. Hili si gumu. Ana kilo tatu. Mfundishe pia kukaa kwenye mkeka wake kengele ikilia, kwa zawadi ndogo ya kuku, na usimwinue wakati anabweka, la sivyo atajua kubweka ndiko kunakombebesha.

Akimng'ata mtu, hata mwanao, hata kidogo, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, nenda hospitali na kadi ya chanjo ya mbwa.

Ukienda kwa daktari wa mifugo, beba hesabu ya pumzi ya siku tatu, uzito wa miezi iliyopita, video ya kikohozi au ya mguu, mkojo wa asubuhi kwenye kichupa kisafi, na kama amekula au kuogeshwa kitu, pakiti yake.